Mwanakuu na Mbwa wa Tudor

Mwanakuu wa Kibokoni alikuwa na ulimi. Aliuza mahamri barazani kwake, na kila aliyenunua alipewa na kejeli juu yake, bure. Lakini hakuna aliyezipata kama nduguye Badawi, tangu vita vya Wazungu vilipokwisha naye akaenda kuajiriwa na daktari wa Kizungu kule Tudor. Kazi yake ilikuwa kushika mbwa.

"Kushika mbwa!" Mwanakuu alisema, mtaa mzima usikie. "Mtoto wa mwalimu wa chuo cha Kurani!" Kila jioni alimsimamisha nje ya mlango, akammiminia maji ajioshe mara saba, moja kwa mchanga, kama sheria itakavyo, ndipo aingie. Na hiyo kazi yenyewe, hebu isikieni. Daktari alimpasua mbwa mzima, akaudhoofisha mshipa mkubwa utokao moyoni kushukia tumboni mpaka ukafura, kisha akauzungushia karatasi ing'aayo, kama ile ya pakiti za sigara, aone kama itauzuia usipasuke.

"Amtie maradhi yeye, kisha ajisifu kumtibu. Huyo ndiye msomi? Nyoo!"

Alicheka hivyo mpaka siku alipomkanda mumewe tumbo. Jamaldin, mshona kanzu, alikuwa akilalamikia chango kwa muda mrefu. Chini ya kiganja Mwanakuu akahisi kitu kimefura, kikipiga kwa nguvu. Akamwita Badawi. Badawi alipopapasa pale, uso ulimbadilika.

"Dada, hiki si chango. Ni mshipa, kama ule wa mbwa. Ukipasuka hatufiki naye hata mlangoni."

Jamaldin akapandwa na hamaki. "Mimi? Niliyehitimu Kurani kabla sijaota ndevu, nikatibiwe dawa ya mbwa? Ng'o! Heri nife." Akarudi kwenye sindano yake, kidevu juu. Mtu mzima ovyo! Tumbo linampiga ngoma, naye analinda cheo.

 Mwanakuu alivaa buibui akaenda Tudor, roho juu, na hofu ikamzidishia ukali. Daktari alimpokea kifua mbele, na Kiswahili chake cha kuamrishia maboi.

"Mbwa hii mimi natengeneza mwaka jana. Sasa mzima kabisa, mama."

"Mzima kwa maneno yako. Na wale wengine wako wapi?"

Daktari akatazama dirishani. "Ingine nakufa."

Angalau hilo hakulificha. Mwanakuu akamwangalia mbwa: koko mwekundu, kovu refu tumboni, ametoka kuoshwa, manyoya yanachuruzika maji. Hata kisingizio cha kusema ni mkavu, hivyo hatamnajisi, hakuwa nacho. Akasema bismillahi, akapandisha mkono wa gauni, akaweka kiganja pale pale alipozoea kumkanda mumewe. Kilichopiga mle ndani kilipiga polepole, kimetulia. Mbwa akamramba kifundo cha mkono. Mwanakuu akalia, akamtukana mbwa, akamtukana na daktari.

Jioni ile majirani waliona ajabu. Mwanakuu mwenyewe amesimama nje ya mlango wake, Badawi ndiye anayemimina maji. Mwanakuu alikuwa akijisugua kwa mchanga Jamaldin alipotoka, sindano mkononi.

"Kumekuwaje, mama Swabaha?"

Tangu waoane Mwanakuu hajapata kumwita mumewe kwa jina lake. Alikuwa baba Swabaha, mbele za watu na faraghani.

"Jamaldin," akasema, maji yakimtiririka kiwikoni. "Mkono huu umeshika mbwa kwa ajili yako. Kesho utakwenda. Ukinifia hapa kwa kiburi chako, nitakuwa nimejinajisi bure, na hilo wallahi sikusamehe."

Hata majirani wenye kucheka walisahau kucheka. Jamaldin akaichomeka sindano kwenye kola ya kanzu.

"Na nikifia huko kwa daktari?"

"Huko," alisema Mwanakuu, "nitakusamehe."