Nilivyokuwa Agabo

Mshipi wa suruali ya baba niliuiba mimi, ingawa kwa miaka mingi nimeapa kuwa ni kaka yangu.

Jana, katika duka la mitumba hapa mjini Auburn, ughaibuni, nilinusa mshipi wa ngozi huku muuzaji akinitazama kama mgonjwa, nikajiona tena kanisani kwetu. Watoto wa Shule ya Jumapili tuliigiza Matendo ya Mitume. Nilipewa nafasi ya nabii Agabo kwa sababu nilikuwa na mdomo mkubwa. Nilijifunga mikono na miguu kwa mshipi wa baba, ngozi ikinikwaruza, nikanguruma: "Mwenye mshipi huu atafungwa hivi!" Watu walicheka. Baba, kwenye benchi la nyuma, alipiga makofi.

Alhamisi iliyofuata polisi walimchukua kwa maneno aliyosema kwenye mkutano wa walimu. Hakurudi.

Nina shahada mbili, na bado niliamini kwamba nilimfunga mimi. Jana jioni nikampigia mama simu.

"Mama, ule mshipi niliuchukua mimi."

"Najua, mwanangu. Baba yako aliuacha kitandani makusudi uuone. Alikuwa ameshaonywa kwamba watakuja. Akaniambia, 'Mwache mtoto aigize vizuri.'"