Gauni Lililomkubali Mama

Kliniki ninayofanyia kazi hapa Kitengela iliandaa dhifa ya kuchangia watoto wanaohitaji upasuaji wa moyo. Kila mfanyakazi alipewa tikiti mbili. Kadi ilisema wanawake wavae gauni refu la jioni, nami nguo yangu ndefu kuliko zote ilikuwa dera la nyumbani.

Mume wangu ni dereva wa lori na wiki hiyo alikuwa safarini, kwa hivyo tikiti ya pili nilimpa mama yangu, aliyekuwa amekuja kutoka Kajiado kupimwa macho. Kichwani nilikuwa nimeshampangia: atavaa shuka yake ya kanisani na shanga zake, akae kando yangu, watu wamwamkie kwa heshima. Wa kutazamwa nitakuwa mimi.

Jumamosi tulienda sokoni kwa mwanamke mmoja Mkamba anayeuza magauni ya mitumba. Siku anayofungua bale lazima ufike mapema, kabla wenye maduka hawajaokota kamera, yaani zile nguo nzuri ambazo ni kama mpya. Nililiona gauni langu likiwa bado limefunikwa nusu na mengine. Lilikuwa la rangi ya damu ya mzee, mikono mirefu, mgongo wazi hadi karibu na kiuno. Nikalivuta, nikalikumbatia.

Nililijaribu nyuma ya leso iliyotundikwa pembeni. Zipu ilipanda kidogo, ikagoma.

“Vuta pumzi,” muuzaji aliniambia.

Nilivuta mpaka macho yakanitoka. Zipu haikusogea. Akakagua mishono kwa ndani, akatikisa kichwa. “Hii haiko na kitambaa ya kuongeza. Hata fundi hawezi kukusaidia.”

Nikalivua, nikamkabidhi kama mtu anayerudisha mtoto wa wenyewe.

Mama alikuwa ameketi juu ya bale lililofungwa, akinisubiri. Muuzaji alimtazama juu mpaka chini, akasema, “Mama, jaribu wewe.”

“Mimi ni mzee.”

“Jaribu tu. Kujaribu si pesa.”

Nilicheka. Hata nilimshikia leso vizuri asionekane. Zipu niliifunga mimi mwenyewe, na ilipanda bila kunung'unika, kama maji yanayopita mferejini.

Alipotoka, wanawake waliokuwa wakichambua nguo waliacha mikono yao ndani ya rundo. Shingo yake ndefu, ambayo hakuna hata mmoja kati ya binti zake aliyeirithi, ilisimama juu ya kitambaa kile. Mgongo ulikuwa umenyooka. Miaka ya kutembea nyuma ya ng'ombe ilikuwa imemwachia kiuno ambacho mimi nilikipoteza kwa mtoto wa kwanza.

“Madam, mama yako amekushinda,” muuzaji alisema, na wote wakacheka. Mimi nilicheka kwa meno tu.

“Yeyo,” nilimwambia mama kwa sauti ya chini, “huwezi kuvaa hiyo mbele ya watu. Mgongo uko nje.”

Akajigeuza kujaribu kuuona. “Mgongo huu umebeba ninyi sita,” alisema. “Kuna siku niliuficha?”

Akafungua kitambaa alichofungia pesa zake, akalipa mwenyewe. Mimi nilichukua gauni jeusi lililokuwa limeachwa na wengi, na fundi wa jirani akalipanua ubavuni. Lilinitosha. Hakuna zaidi ninachoweza kulisifia.

Usiku wa dhifa, daktari wetu mkuu alitoka mlangoni moja kwa moja mpaka kwa mama. “Huyu ni dada yako mkubwa?” aliniuliza. Wenzangu wa mapokezi, ambao miaka yote hawajawahi kuniomba picha, walipanga foleni kupigwa picha naye. Mmoja alinipa simu yake. “Tupige wewe, mkono wako hautetemeki.” Nikawapiga. Muziki ulipoanza, mwalimu mstaafu wa meza ya pili alimwomba mama wacheze, naye akainuka bila hata kunitazama. Nilikaa na mikoba yetu miwili mapajani, nikitafuta kasoro: labda atakanyaga pindo, labda kiatu kitamtoka. Hakukanyaga kitu.

Tulipofika nyumbani aliniomba nimfungulie zipu. “Nimefurahi, mtoto wangu,” alisema. “Sijawahi kutazamwa hivyo. Hata siku ya harusi yangu watu walitazama ng'ombe.”

Nilitamani kumwambia alipendeza. Badala yake nikamwambia maji ya kuoga yamechemka.

Alirudi Kajiado na gauni lake ndani ya mfuko wa karatasi, akaukataa mkono wangu nilipotaka kumbebea. Majuzi dada yangu alinipigia kutoka kwenye harusi ya jirani yao. Nyuma yake nilisikia nderemo.

“Ungemwona Yeyo leo!” aliniambia. “Watu wamemwacha bibi harusi, wanamtazama yeye.”

“Amevaa ile nyekundu?”

“Hiyo hiyo. Ulimnunulia wapi? Na mimi nataka.”

“Alijinunulia,” nilijibu. Kisha nikamwambia ukweli mwingine, kwamba gauni lile nililiona mimi kwanza.