Wimbo Nilioufunza Kombo

Karatasi ya msimu mpya wa okestra ilinifikia kwa simu, mchana, nikichambua mchele. Wifi yangu ndiye aliyeituma, na chini yake akaandika, "Mbona hukutwambia?" Ilitaja maonyesho manne: mawili Mombasa, moja Malindi, na la mwisho hapa Lamu, katika ua wa nyumba kongwe Mkomani. Kwenye lile la Lamu waliandika kwamba okestra ya pwani itapiga pamoja na akina mama wapiga vugo wa Langoni.

Wapiga vugo wa Langoni ni sisi. Tu wanawake saba, tunagonga pembe za nyati kwa vijiti na kuimba harusini, na pembe zenyewe zinaning'inia ukutani kwangu. Hakuna aliyekuwa ametuuliza neno.

Nilijua mambo haya huanzaje. Mamangu aliwahi kumwimbia mgeni mmoja aliyekuja na kinasa sauti na maneno matamu. Mgeni akaenda zake. Muda ukapita, sauti ya mamangu ikasikika katika tangazo la hoteli, juu ya picha ya bwawa la kuogelea. Ulikuwa wimbo wa kumtoa bibi harusi, unaoimbwa na wanawake peke yao, milango imefungwa. Mamangu hakusema mengi, ila tangu siku ile hakuimba tena harusini, mpaka akafa.

Kwa hiyo mwalimu wa okestra alipobisha hodi wiki iliyofuata, nilimkaribisha kwa chai ya tangawizi na macho makavu. Alikuwa mwanamke wa makamo kutoka bara, Mkristo, mpole, mwenye fidla ndani ya kasha jeusi.

"Shikamoo, Bi," akasema.

"Marahaba. Nani alokwambia kuwa tumekubali?"

Akaweka kikombe chini. "Ofisi iliniambia mmeshaongea."

"Na ofisi iliongea na nani?"

Alisema angeuliza. Lakini niliona macho yake yakipanda ukutani kwenye pembe, na yakikaa huko zaidi kuliko yanavyokaa macho ya mtu anayetazama tu.

Nilitaka kumtoa. Aliyenizuia ni mama mdogo, dada wa mwisho wa mamangu, ambaye ndiye peke yake aliyebaki anayezijua nyimbo zote mwanzo hadi mwisho. Siku ile alikuwa kwangu, katika chumba cha ndani, amelala kwa sababu ya maumivu ya magoti. Akaita, "Mfunde! Mtu amekuya kwa ndia ya mlangoni, mfunde."

Nikamfunza. Nikamfunza kombo.

Wimbo alioutaka mwalimu ulikuwa uleule wa mamangu. Nikauanza sawasawa, kisha katikati nikaufungia mkia wa wimbo mwingine. Mapigo ya pembe nikayageuza, la mbele nikaliweka nyuma. Na ubeti wa mwisho nikautunga mwenyewe palepale, ukimsifu paka aliyekula samaki wa ng'onda jikoni. Nilikuwa nimengoja mama mdogo arudi kwake, nikawaita wenzangu na kuwaonya wafuate lolote nitakaloimba, wakafuata bila kutikisika, isipokuwa wifi yangu aliyejifunika uso kwa buibui akidai ana kikohozi.

Mwalimu alikuja siku tatu. Aliandika kila sauti kwa penseli, akafuta, akaandika tena. Nilipokosea kurudia kosa langu mwenyewe, alinirekebisha kwa adabu: "Samahani, Bi, jana hapa mlishuka." Nilimchunga. Siku ya pili alipiga picha mlango wetu. Siku ya tatu alisimama barazani akizungumza kwa simu, Kiingereza, na nikalidaka neno moja tu, "haki", alilolisema kwa Kiswahili. Haki za nani? Nikajiambia kwamba nimefanya vyema. Wakaibe paka na ng'onda yake.

Mwezi ulipita. Kisha akanitumia sauti ya mazoezi yao. Niliifungulia chumbani kwa mama mdogo, nikitegemea tucheke sote.

Haikuchekesha. Fidla ziliingia polepole, zikafuatwa na sello, zile fidla kubwa za sauti nzito, na watu wengi sana wakaimba ubeti wa paka kwa heshima, kwa sauti nne, kama wanaomba dua. Walikuwa wamelishika kila kosa langu wakalipamba.

Mama mdogo alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Huu nani alowafunda hivi?"

Nikaizima simu.

"Nakuuliza wewe."

"Mimi."

Aligeuza uso ukutani. "Mameyo waliichukua sauti yake, lakini wimbo ulibaki wimbo. Huu watu wataushika, na mimi nikifa nani atawambia si huu?"

Nilikaa na maneno yale siku mbili, nikiyapinga moyoni. Siku ya tatu, baada ya sala ya adhuhuri, nikapiga simu. Nilimweleza mwalimu yote, hata paka.

"Nimewafundisha watu wazima," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kuna mzee wa sello analia kila tukifika ubeti ule. Nimwambie nini?"

"Mwambie ni wangu. Sikuiba kwa mtu."

Hakucheka. Akasema, "Mngenikatalia tu, Bi. Ningeondoka."

"Ungeondoka kweli?"

"Sijui," akajibu, na hilo ndilo jambo la kwanza alilosema nikaliamini.

Wimbo wa bibi harusi wameuondoa kwenye onyesho. Ofisi yao ilileta barua ya kuomba radhi na mkataba wa ukurasa mmoja. Niliusoma mara tatu nikitafuta mtego, kisha nikampa binti yangu, ambaye ni mwalimu wa sekondari. Akasema, "Mama, hapa hamna kitu." Nikampa mpangaji wetu, karani wa mahakama. Naye akasema hamna kitu. Mtego usioonekana na watu watatu huenda haupo, au umetegwa na fundi. Nikatia sahihi, lakini kwanza nikaongeza kwa mkono wangu kwamba hakuna atakayenasa sauti bila ruhusa yetu sote saba, nao wakakubali. Tutawapa wimbo mwingine, ule wa kumpokea bwana harusi, ambao hata wanaume huusikia wakiwa njiani.

Sasa mwalimu huja Jumanne, baada ya alasiri, tunafanya mazoezi katika ua wa mama mdogo. Karatasi ya msimu imechapishwa upya, na onyesho letu bado ni la mwisho. Kila Jumanne huiweka simu yake mapajani mwa mama mdogo kabla hatujashika pembe. Sikumwomba, alianza mwenyewe, na hilo nalo lilinitia shaka.

Jumanne iliyopita nikamwambia, "Na ile nyingine?"

Akashtuka. "Ipi?"

"Iliyo mkobani."

Wenzangu wakaacha vijiti. Mwalimu akafungua mkoba taratibu akatoa simu ndogo ya vibonye, kioo kimepasuka. "Hii ni ya kupigiwa na mama pekee," akasema. "Yuko hospitali huko nyumbani. Namba nyingine haikumbuki."

Nikanyoosha mkono nikaichukua, nikaiweka pamoja na ile kubwa. Tukaanza. Tulikuwa kwenye ubeti wa pili, na yeye amefumba macho na fidla shavuni, simu ndogo ilipolia. Mama mdogo akaiokota, akaiweka sikioni, akasikiliza kikongwe cha watu kikiita kwa lugha asiyoijua.

"Ndoo, mwanangu," akamwita mwalimu kwa mkono. "Mameyo anakutaka."

Alitoka nayo barazani. Niliona ameacha fidla yake sakafuni, karibu na mguu wangu, na daftari lake la noti za muziki liko wazi. Nililitazama kwa muda. Kisha nikalichukua nikasoma kurasa zote, moja baada ya moja, nikitafuta maneno ya wimbo wa bibi harusi, kabla hajarudi.