Mwavuli wa Bi Mwanakombo

Badru mpiga picha alikuwa na dharau mpaka mvua nayo aliidharau. Pale Tandika, mwaka tisini na mbili, wapiga picha wenzake walifunga kazi masika yalipoanza. Yeye aliitundika shingoni kamera yake ya Kirusi akaingia matopeni, huku akiwasonya wateja. Washamba watupu! Mtu kavaa suti ya mtumba inamchuruzika maji, halafu anataka apigwe ameegemea gari la watu!

Watu wa namna hiyo alikuwa na dawa yao. Picha hawapigi. Anawasha taa ya kamera tu, paa! Wao wanatabasamu, filamu haijasogea hata kidogo. Wakija kuulizia picha zao anawajibu, "Imeungua." Filamu ziliungua sana Tandika siku hizo.

Siku ya harusi ya binti wa Mzee Mwinjuma mvua ilishuka si mchezo. Jirani yake Badru, Bi Mwanakombo, mama mtu mzima, alimshikia mwavuli kamera isilowe, tangu saa nane mpaka maharusi wanapanda gari, yeye mwenyewe bega zima likiwa mvuani. Hakutaka ujira. Alitaka picha yake moja tu, amtumie mwanawe Anwar aliyekuwa Maskati, mwaka wa tisa hajamwona mama yake.

"Haya, simama hapo, bibi," Badru alisema. Akamtazama. Kanga zimemganda mwilini, ndala moja imebaki kwenye tope. Hiki nacho cha kumalizia filamu? Akawasha taa. Paa!

Wiki ya pili Bi Mwanakombo akaja kibandani.

"Shikamoo, bibi. Yako imeungua."

"Marahaba. Imeungua yangu peke yake?"

Badru alikuwa amesahau kwamba picha za harusi kazibandika ubaoni, nyuma ya kisogo chake. Mama akazisogelea, akazitazama moja moja. Bibi harusi, mashangazi, sinia za pilau. Na juu, karibu kila picha, ukingo wa mwavuli wa kijani wenye kiraka chekundu.

Akamgeukia Badru, akasonya msonyo mrefu.

"Nibandulie hii. Mwavuli huu kanitumia Anwar mwenyewe, atajua nani kaushika."

Akaondoka nayo, na habari akaisambaza mtaa mzima.

Masika yaliyofuata Badru alihangaika Tandika yote akitafuta wa kumkinga mvua. Kila mama aliyemwomba mwavuli alimjibu, "Wangu umeungua."