Mgeni Aliyekunywa Maji ya Samaki

Kuna watu hapa Isiolo wanaosema siku ile nilikuwa nimekula miraa, nikaona mambo. Mimi sijawahi kuitia miraa mdomoni, na mama yangu ni shahidi. Wengine wanasema ni jua. Jua la Isiolo nimezaliwa nalo, haliwezi kuanza kunidanganya leo nikiwa na mvi. Haya yalinipata nyumbani kwangu, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu zote. Cheka ukitaka, lakini sikiliza mpaka mwisho, kwa sababu mwishoni nina ombi.

Sisi ni watu wa malori. Wazee wetu waliletwa huku na jeshi la wakoloni, wakabaki, na tangu hapo ukoo mzima kazi yake ni kupakia na kupakua. Mimi hununua mbuzi sokoni Oldonyiro na kuwashusha Mombasa. Mke wangu alipofariki, binti yetu Hodan alinyamaza. Sisemi alipungua maneno. Alifunga mdomo siku ya mazishi na hakuufungua tena ila kwa kula, na hata kula kwenyewe ni kwa kubembelezwa. Daktari alimwangalia koo akasema halina kasoro. Shekhe alimsomea. Mama yangu alimpikia kila alichokuwa akikipenda. Wapi.

Safari moja nilimchukua kwenye lori nikashuka naye Mombasa. Mtu anayepokea mbuzi wangu kule ana ndugu anayeuza samaki wa baharini, wale wa kufugwa kwenye vioo, tukapita dukani kwake kunywa chai. Hodan akasimama mbele ya samaki mmoja wa milia, mwenye miiba mirefu iliyotanda kama manyoya. Wanamwita samaki simba. Miiba yake ina sumu na chakula chake ni samaki wenzake. Mtoto akaweka kiganja kwenye kioo na midomo yake ikacheza. Neno halikutoka, lakini midomo ilicheza, niliiona kwa macho yangu. Wewe ungefanya nini? Nilinunua tangi siku hiyohiyo.

Lilikuwa tangi la wastani, urefu wake kama kitanda cha mtoto, na pampu yake, mawe ya baharini, na mifuko ya chumvi maalumu ya kuchanganya na maji yaliyochujwa. Hebu fikiria, maji ya bahari sebuleni Isiolo, wakati kule Kipsing watu wanashikana mashati kwa sababu ya kisima. Majirani walikuja kuchungulia kama wanaokuja kuona mgonjwa.

Halafu nikaharibu, na mfugaji yeyote angeharibu vivyo hivyo. Kwetu ukifungua zizi jipya, dume ndiye huingia kwanza. Akishalizoea, wanaokuja nyuma yake wanamheshimu na zizi linatulia. Basi kati ya samaki wanaokula wenzao, nikaanza na aliye mkali kuliko wote, kikande, mwenye meno ya kuvunja kaa na gamba lake. Nikasema huyu ndiye dume langu. Akakaa peke yake akanenepa. Safari iliyofuata nikaleta samaki simba wa Hodan. Kikande akamtafuna mapezi mpaka akabaki kijiti. Nikaleta chewa mdogo, nikidhani ukali wake utamsaidia, tukamkuta kwenye kona hana macho. Kila aliyeingia alimkuta mwenye nyumba.

Na kila samaki alipokufa, Hodan aliacha kula. Alikaa chini mbele ya kioo akimtazama yule kikande, mbavu zinahesabika, na mimi nilikuwa nalia garini nikiwa safarini ili mama asinione. Mama mwenyewe alikuwa amechoka.

"Huyu mtoto anaisha," aliniambia, "na wewe unanunua samaki. Hii kitu ya chumvi toa kwa nyumba yangu."

Ningeitoaje? Ndicho kitu pekee kilichowahi kumchezesha midomo. Nikaleta samaki simba mwingine, na safari hii nilijua kwamba akifa huyu, mtoto naye hatamaliza mwezi. Usiniulize nilijuaje. Mzazi anajua.

Siku hiyo umeme ulipotea kabla ya adhuhuri. Pampu ikazima. Mama alikuwa ndani anaswali, Hodan amelala kwenye mkeka, mimi niko kwenye tangi na kikombe, nateka maji na kuyamwaga juu kwa juu ili samaki wapate hewa. Samaki simba amejibanza nyuma ya jiwe, pezi moja limeshaliwa. Mikono inaniuma. Nikasikia mlangoni, "Salaam aleikum."

Nikaitika. Akaingia mwanamke wa makamo, buibui jeusi, uso wa kawaida kabisa. Kitu kimoja tu kilinishangaza. Buibui lake lilikuwa limelowa kuanzia magotini kwenda chini, linachuruzika, na huko nje mvua ilikuwa imetusahau kwa misimu. Lakini kwetu mgeni wa saa ya jua kali haulizwi jina wala shida yake kabla hajanywa. Ni aibu kumhoji mtu mwenye kiu. Nilifundishwa hivyo nikiwa mdogo na kila mtu wa hapa alifundishwa hivyo. Nikamletea maji ya mtungini kwenye bakuli.

Akayanusa, akayarudisha. "Haya mimi siyanywi, mwanangu. Nitekee yale." Akaonyesha tangi.

Nilidhani ni mzaha, lakini mkono wake ulibaki umenyooka. Nikateka. Akanywa bakuli zima bila kupumua, kama ngamia aliyefika kisimani, akafuta mdomo, akaomba jingine. Hapo nikaona samaki wote wawili wamemgeukia. Yule kikande asiyeogopa chochote alikuwa amelala ubavu chini ya jiwe, mdomo wazi.

Akaanza kunisema. Hakuwa na haraka, alisema kama mama anayemsema kijana aliyeoa vibaya. "Huyu wa meno ulimpa nyumba kabla ya wenziwe, sasa hajui kama kuna wenziwe. Mkali huja mwisho." Akanieleza kwamba samaki hapimwi kwa mwili, hupimwa kwa mdomo, kwa sababu kila kinachoenea mdomoni mwa mwenzake kitaliwa tu, leo au baadaye. Chewa nisimlete tena, anakua haraka na tangi langu ni dogo. Samaki simba nimwekee mkunga mdogo mwenye madoa, yule samaki mrefu kama nyoka, maana yule anapenda pango na huyu anapenda kuelea, hawana cha kugombania. Nihamishe mawe yote siku ya kuwatia ili asiwepo mwenyeji, na kila mmoja nimlishe kwa kijiti mpaka ashibe.

Kisha akatia mkono majini, akamshika kikande. Alipoutoa, mkono ulikuwa mtupu. Niamini, niliangalia kila mahali. Nilichokiona ni koo lake tu, likipanda na kushuka.

Wewe ungekimbia? Labda. Wewe hukuwa na mtoto anayekufa kwenye mkeka. Mimi nilipiga magoti. Nilimwambia, mama, kama unajua ya samaki hawa, basi unajua na ya huyu. Nilishika lile buibui lililolowa nikalia bila haya.

Akamtazama Hodan. Kisha akaniuliza, "Wamtaka mwanao, au wataka aseme?"

Nimelirudia swali hilo kichwani mpaka limenitoa nywele. Siku ile nililiona la kipuuzi. "Aseme tu," nikamjibu. "Sauti yoyote ile, mimi niisikie."

Akamwamsha mtoto, akamshikia bakuli lililokuwa na maji yaliyobaki. Hodan, ambaye hata maziwa alikuwa akiyatapika, akanywa yote bila kukunja uso. Mgeni akaaga, akatoka. Nilimfuata mlangoni na sikumwona. Nje jirani yangu alikuwa amekaa kwenye kivuli cha ukuta tangu asubuhi, na anaapa mpaka leo kwamba hakuingia mtu wala hakutoka. Sakafuni pale aliposimama palikauka pakabaki chumvi nyeupe. Mama alipasugua kwa brashi ya chuma na bado pamebaki alama.

Niliporudi ndani mtoto alikuwa amekaa. "Nna kiu," akasema.

Nilimwinua juu nikapiga kelele mtaa ukajaa. Mama alitoka na msala mkononi akamkumbatia, akamsemesha kwetu, kwa Kisomali, lugha aliyonyonyeshwa nayo. Hodan akamkodolea macho, kisha akamuuliza, kwa Kiswahili cha Mombasa laini kabisa, "Weye ni nani?"

Samaki niliwapanga kama alivyonielekeza, na wako hai hadi leo, simba na mkunga, na hawajawahi kugusana. Hodan anakula, amenawiri, shuleni anaongoza. Lakini hakuna neno la kwetu analolijua tena, wala nyimbo za mama yake. Picha ya mama yake nikimwonyesha anaitazama kwa adabu kama picha ya jirani. Neno Aabo, yaani baba, alilokuwa akiniitia, sijalisikia. Anakunywa maji ya tangi, ya mtungini anayarudisha. Mara nyingine husimama katikati ya hesabu za shule na kusema maji yamejaa. Nikampigia simu mtu wangu wa Mombasa mara kadhaa kuuliza, na kila mara bahari ilikuwa imejaa. Nikaacha kuuliza. Mama alivumilia, kisha akahamia kwa ndugu yangu Oldonyiro. Alisema heri alale na mbuzi wanaomjua.

Mashekhe waliniambia ningemuuliza jina kabla hajanywa, angelazimika kujitaja, na mlango ungekuwa wangu, wa kumkaribisha au kumfukuza. Kwa hiyo ninyi ulizeni. Iwe aibu, iwe jua kali, mgeni aseme ni nani kwanza. Na ukiwa umekata tamaa usiombe mbele ya usiyemjua, maana hutaomba unachokitaka.

Hodan ana adabu sana. Kila adhuhuri huja, hunishika mkono na kuniuliza nitampeleka kwao lini. Nikimwambia kwao ni hapa, hunionea huruma. Juzi alifika hadi stendi ya malori akiwa na mfuko wake wa nguo.

Basi ombi langu ni hili. Ukiwa dereva, ukamkuta msichana kwenye barabara ya kushuka, anasema Kiswahili kizuri kuliko chako, anaomba kupelekwa baharini, usimpakie. Mrudishe Isiolo, uliza nyumba ya mtu wa lori mwenye samaki. Atakwambia hana baba huku. Usimsikilize, ndugu yangu. Mrudishe tu.