Alasiri Niliyowaswalisha Wakwe Kinole

Jamani, nikiikumbuka alasiri ile natamani kujifunika shuka gubigubi, lakini acheni niwasimulie, mcheke mmalize.

Mimi na Mwanaidi tulikuwa tumependana mwaka wa pili, simu kila usiku mpaka sikio linapata moto, halafu nikisimama kuswali roho inanisuta, usingizi hakuna, dukani kwangu mjini, Msamvu, wateja nawarudishia chenji mara mbili. Nikaamua: naenda kwao Kinole kujitambulisha. (Mshenga? Niliona atanichelewesha.)

Nikafika huko mlimani kanzu ina tope hadi magotini, nikamkuta baba yake, Mzee Shomari, anaelekea msikitini na wazee wenzake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye kijana wa Mwanaidi? Mama yake kaniambia umesoma madrasa vizuri. Imamu wetu anaumwa, utatuswalisha?"

Hapo ningesema, "Mzee, leo siwezi, moyo unanienda mbio," yangeishia hapo. Mimi nikajibu, "Inshallah, bila wasiwasi."

Nikapiga takbira, nikaanza Alhamdu kwa sauti, tena ya madaha, alasiri yenyewe ambayo hata mtoto wa madrasa anajua husomwa kimyakimya! Mzee mmoja akakohoa. Nikanyamaza katikati ya aya, jasho linatiririka, akilini namwona Mwanaidi tu, basi hesabu ikanipotea, nikainuka rakaa ya tano, na alasiri ni rakaa nne tu.

"Subhanallah!" msikiti mzima ukanguruma.

Nikarudi kukaa, nikasujudu sijida ya kusahau, nikatoa salamu, nikabaki nimeelekea kibla maana kugeuka naogopa.

"Kijana," Mzee Shomari akaniuliza taratibu, "ulikuwa wapi?"

Uongo ulikuwa umeniishia. "Mzee, nilikuwa namuwaza binti yako."

Kisha nyuma ya pazia la wanawake kikaponyoka kicheko (nakijua kicheko kile), wazee wakadakia, na Mzee Shomari alijizuia akashindwa, akafuta machozi kwa mkono wa kanzu.

"Angalau umesema kweli," akasema. "Rudi na wazee wako mje kwa utaratibu. Na hizo simu za usiku zikome mpaka nikaha. Najua zipo, nyumba yangu haina dari."

Simu zimekoma, usingizi umerudi, na Ijumaa ijayo baba na mjomba wanapanda Kinole kupeleka posa. Mimi nimeapa: nikiulizwa jambo nisiloliweza, nitasema siwezi, hata mbele ya mkwe. Hasa mbele ya mkwe.