Uso Chini ya Gundi ya Muhogo

Bado naikumbuka alasiri moja ya mvua pale soko la Rugenge, ingawa nimehama miji mingi ya ziwa hili nikitumaini kuisahau. Mwanangu, nimesikia unagombea ubunge wa jimbo, na unahangaika kumchagua suppléant, yule wa kurithi kiti chako ukifa au ukipewa kazi nyingine. Nisikilize kwanza.

Nilikuwa na miaka thelathini, mwalimu mwenye maneno mengi. Suppléant wangu alikuwa Enoki. Kwao ni Rurambo, kwa wafugaji, lakini miaka sita ya sekondari alikaa kwetu, tukilala kitanda kimoja. Mama alimwita mwanangu. Kila mwisho wa likizo alirudi kutoka mlimani na maziwa ya mgando, na mama hakumgawia mtu. Baadaye tulifundisha pamoja Bwegera, na wazazi wa wanafunzi walimpenda Enoki kuliko mimi. Nilijifanya sioni.

Picha za kampeni, sisi wawili bega kwa bega, tulizichapisha mapema, kabla ya kupeleka majina, tukazibandika mpaka sokoni. Ndipo baba mdogo akaja na wanaume watatu wa ukoo.

"Weye uko unalala?" akaniuliza. "Angalia pua ya ule mutu. Ukikufa, kiti inaenda kwa watu wa ng'ombe. Na watafanya ukufe mbio."

"Enoki ni ndugu yangu, baba mdogo."

"Ndugu wa kitanda, sawa. Lakini si atakuzika? Basi mushukuru!"

Wakacheka. Nami nikacheka pamoja nao. Maneno yao ningeweza kuyajibu, mwanangu. Kicheko changu mwenyewe sikuweza kukirudisha.

Nikaandika jina la binamu yangu Musa badala ya la Enoki, mtu asiyewahi kukaa mkutanoni mpaka mwisho. Kuchapisha upya kila kitu hatukuweza, kwa hiyo tulichapisha sura ya Musa peke yake ili tuibandike juu ya sura ya Enoki. Nikamwomba mama unga wa muhogo nipike gundi. Akanipa bakuli zima, akidhani picha zetu zinabanduka kwa upepo.

Enoki sikumwambia. Nilipanga kumwambia Jumapili, baada ya ibada.

Jumapili haikuwahi kunifikia. Siku ya tatu baada ya kubandika mvua ilinyesha, mimi na mama tukajikinga chini ya bati la duka, mbele ya ukuta wenye picha. Shavu la Musa likaanza kuteleza. Likatokeza jicho la Enoki, kisha paji la uso.

"Ee, mwalimu!" mwanamke mmoja muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, akapaza sauti. "Suppléant yako iko na vichwa mbili!"

Watu wakaangua kicheko. Enoki alikuwa kati yao, amelowa, daftari za wanafunzi kwapani.

"Baba yako mudogo simulaumu," akaniambia. "Yeye hanijui. Lakini weye, miye nilianza kuwa mutu wa ng'ombe siku gani?"

Mama akagusa ukuta, akanusa kidole.

"Huu ni unga yangu," akasema. "Miaka sita nilimulisha nao. Leo umemufunika nao uso."

Akambandua Musa kwa kucha, akaifuta picha ya Enoki kwa kitenge chake. Alipogeuka kumwita, Enoki alikuwa ameshaondoka.

Alihama na mkewe kabla ya kura. Nami nilishindwa, kwani baba mdogo na wenzake walimchagua mgombea mwingine wa kabila letu, mwenye ukoo mkubwa zaidi. Mama alikufa akiuliza kama Enoki amefika. Nimemtafuta Bujumbura, Kalemie, hata Kigoma. Mara moja nilipata mlango wake. Mkewe alinipa maji ya kunywa, akaniambia mumewe hatanipokea.

Basi, mwanangu, simama na mtu ambaye ungemwachia watoto wako, awe wa ziwani au wa mlimani. Wakikuletea habari za pua yake, usicheke hata kwa adabu. Na ukishindwa na woga, kama nilivyoshindwa mimi, mwambie uso kwa uso siku hiyohiyo, usingoje Jumapili.

Mungu akupe kura za kutosha. Akikunyima hizo, akuachie mlango mmoja ambao ukibisha, mwenyewe atafungua.